Mama Nyundo, Mlinzi wa Nguzo za Shaba

Asubuhi ya Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, marehemu alikunywa chai amesimama, kama kawaida yake, huku akitafuta buti lake la kushoto. Mimi mumewe nilikuwa nimelikalia. "Mzee wangu, hata kuku akikalia kitu ana sababu," alisema. Tukacheka. Akachukua nyundo, akaenda.

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1957, kifungua mimba wa mchimba shaba. Alisoma hadi darasa la nne. Mwalimu alimchapa kwa kuandikia mkono wa kushoto. Akamnyang'anya fimbo, akaivunja, akarudi nyumbani moja kwa moja.

Tulioana tarehe 14 Agosti 1976. Alikuwa amenikataa mara mbili. Mara ya tatu alisema, "Basi, nimechoka kukufukuza."

Mgodi ulifungwa mwaka 1991. Akawa anaingia kutafuta mawe ya shaba yaliyosalia, akigonga mwamba kwanza. Ulio mzima hulia kama kengele. Uliolegea, kama debe tupu. Shaba nyingi iliyobaki imo kwenye nguzo, miamba iliyoachwa ibebe paa. Hizo hakuzigusa. Mwaka 2009 watu walikwenda kuzichimba, akawazuia. Walimvunja taya kwa mpini wa sururu. Mmoja wao aliacha kipande cha sikio. Yupo hapa leo, asijifiche.

Hakuwa mtu wa kuugua. Jumanne ile alimkuta mdogo wake na wenzake wawili wanakata nguzo.

"Dada, mgodi huu hauna mwenyewe," mdogo wake alimwambia.

"Una uzito."

Akagonga paa. Debe tupu. Hakubembeleza mtu. Aliwatwanga kwa mpini wa nyundo, wale wawili wakakimbia wanatukana, damu zinawatoka. Mdogo wake alirudia kiroba cha mawe. Marehemu akampiga usoni, akamsukumia nje kwa teke. Paa likamshukia yeye.

Alitolewa hai, amevunjika kiuno na mbavu. Alifariki hospitalini Alhamisi, tarehe 13, alfajiri.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watano na mdogo wake, ambaye ndiye anawasomea haya. Nimemwomba mimi. Uvimbe ule usoni mnauona. Mama Nyundo alale, kazi ameimaliza.

Mdogo wake alipolia pale kitandani, marehemu alimwambia hivi: "Nyundo chukua wewe. Na ukimkuta mtu kwenye nguzo, usianze na maneno."