Bwana Alivyonitoa Katika Baridi ya Bondeni

Ndugu zangu, jina la Bwana lisifiwe asubuhi hii, pamoja na baridi yake! Naona mmejifunga mablanketi mpaka masikioni, kwa hiyo sitawachelewesha. Lakini nikinyamaza leo nitakuwa mtovu wa shukrani.

Wengi mmesikia kwamba nimerudi kutoka Uingereza nikiwa daktari. Tangu nifike hapa Mjimwema, bibi zangu wamenionyesha magoti yao na meno yao. Mnisamehe, bibi zangu. Udaktari wangu ni wa fizikia. Ni shahada anayopewa mtu aliyelichunguza jambo moja mpaka akawaonyesha wasomi kitu ambacho wao wenyewe hawakukijua. Jambo langu mimi lilikuwa baridi.

Mnaijua. Ni ile jalidi inayoshuka kwenye vinyungu vyetu, bustani zetu za bondeni, miezi ya Juni na Julai. Mtu anaamka anakuta bonde limekuwa jeupe, na jua likipanda viazi vinageuka vyeusi kama vimemwagiwa maji ya moto. Nilipokuwa mtoto iliunguza bonde letu lote. Baba akaondoka na wenzake kwenda kukata mkonge ili sisi tule, na huko akafa kwa homa. Nililia sana. Kisha nikaanza kuuliza: kwa nini bondeni, wala si kilimani? Watu wazima wakaniambia ni mapenzi ya Mungu. Sikubishana nao. Nilitaka tu kujua Mungu anaifanyaje.

Swali hilo ndilo lililonipeleka shule, likanifikisha chuo kikuu kule Uganda, likanifanya mwalimu. Nikaomba kwenda kusomea udaktari Uingereza. Mara ya kwanza walinikataa. Ofisa mmoja akanishauri kwa upole niridhike na ubao na chaki. Nikaomba tena, wakanikubali kwa sharti: ningeruhusiwa kurudi nyumbani kupima kwa msimu mmoja tu wa baridi. Vipimo vikishindikana, masomo yamekwisha.

Katika maombi yale niliandika kwamba usiku usio na mawingu ardhi hupoteza joto lake kwenda angani. Hewa inayoigusa hupoa, huwa nzito, hutelemka polepole na kutuama bondeni kama maji. Kwa hiyo bonde lazima liwe na baridi kuliko kilima. Basi nikaweka vipimajoto kilimani, na vingine bondeni, chini kabisa kwenye udongo, katikati ya matuta ya mama. Ni vile vya kioo vinavyobaki na alama ya baridi kali ya usiku, hata ukivisoma jua limeshapanda. Jioni nilikuwa kilimani nikipima upepo. Asubuhi, baada ya sala na uji, nilitelemka bondeni kusoma.

Ndugu zangu, bondeni kulikuwa na joto kuliko kilimani! Nakanyaga jalidi, inalia chini ya viatu, na kipimajoto kinaniambia hapakuganda hata tone. Nikavibadilisha, vya kilimani nikavipeleka bondeni na vya bondeni kilimani. Majibu yaleyale. Wiki zikapita. Nikaona wale walionikataa mwanzo walikuwa na haki, na kwamba nimeupoteza ujana wangu kwa swali lisilo na jibu. Nikaomba mpaka maombi yakawa makavu mdomoni. Mama akiniuliza kulikoni, namjibu ni mambo ya kisomo.

Siku moja nikafunga mzigo. Nilimwambia mama nina shughuli Iringa. Ukweli ni kwamba nilikuwa nakwenda kuwaambia wakubwa wa elimu kule kwamba nimeacha masomo. Basi likanishusha Makambako, nikaenda Lyamkena kwa shangazi yangu kungoja gari la kesho yake.

"Kamwene, mwana wa kaka," akanisalimu shangazi. "Mbona umekonda? Na vile vyombo vyako umemwachia nani?"

"Viko bondeni kwa mama, shangazi."

"Maskini wifi yangu! Mgongo wenyewe ule, na bado anainama kila jioni kuvifunika."

"Kufunika nini?"

"Si hivyo vyombo vyako? Nilipokwenda kumsaidia kupanda, nilimkuta anavifunika nyasi kavu pamoja na miche ya kabichi. Nikamwambia, wifi, hivyo si miche. Akasema ni vya mwanangu, na kwa baridi hii vitapasuka."

Chai yangu ilibaki kikombeni. Ninyi akina mama mnajua, jioni mnafunika miche, alfajiri mnafunua. Nimeikuta kazi hiyo tangu nizaliwe, ndiyo maana sikuifikiria hata siku moja. Nikacheka mpaka shangazi akatoka nje kumwita mumewe. Alipoingia naye, nilikuwa nalia.

Kesho yake nikadandia lori la chumvi kurudi huku kwetu Njombe. Nilimkuta mama palepale bondeni, jembe mkononi.

"Mama, unavifunika vipimajoto?"

"Ndiyo, mwanangu. Unataka vife kwa baridi kama viazi vya baba yako?"

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenikataza. Wewe hata blanketi unalikataa."

Nilipiga magoti palepale kwenye tuta, na suruali yangu ya Uingereza.

Msimu ulikuwa bado haujaisha. Nikamwomba mama afunike nusu, nusu aache wazi. Hakupenda. Kila jioni aliiangalia ile nusu ya wazi kama mtu anayewaacha yatima njiani. Lakini vilivyolala wazi vilionyesha baridi ya kugandisha, kali kuliko ya kilimani, kama nilivyoandika. Na zile wiki nilizoziita za hasara zilikuwa zimepima jambo ambalo sikuwahi kuwaza kulipima: joto ambalo ardhi hulitunza chini ya nyasi chache. Hilo likawa nusu ya kazi yangu.

Siku ya kuhojiwa, wasomi wale wakaniuliza wazo la kufunika vipimajoto lilitoka kwa nani. Nikasema, kwa mama yangu. Wakauliza alikuwa na sababu gani. Nikasema aliogopa vitapasuka. Mmoja akavua miwani akaifuta muda mrefu. Wakanipitisha.

Sisemi kwamba Mungu alimtuma mama aniharibie hesabu. Mambo hayo ni makubwa kwangu. Ninachojua ni kwamba nilipokuwa naomba na kuona sijibiwi, jibu lilikuwa shambani kwetu, na mtu aliyelishika alikuwa ananipikia uji kila asubuhi. Kama yupo hapa leo aliyekwisha kufunga mzigo moyoni, namsihi amtumaini Bwana siku moja zaidi. Na awaulize watu wa nyumbani kwake wanafanya nini jioni.

Mama yangu yule pale, karibu na dirisha. Nilipofika juzi hakuniuliza habari za shahada. Alinishika mikono, akaniangalia, akauliza, "Na vile vyombo, vilipona?" Watu walikuwa wengi, sikumjibu vizuri. Namjibu sasa mbele ya Mungu na mbele yenu.

Vilipona, mama. Na mimi nilipona.