Teodora Machibya, Aliyepima Samaki kwa Neno Dogo

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika Idara ya Ubora, Mama Teodora Machibya anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025. Aliingia kiwanda chetu cha minofu ya samaki mwaka 1994 akitokea Bujora, akiwa na cheti cha kidato cha nne, buti nyeupe zilizomzidi miguu, na Kiingereza kizuri kuliko cha mabosi wake. Hilo la mwisho lilimletea taabu kwanza, kisha likampa kazi ya maisha.

Fomu za wanunuzi wa ng'ambo zilikuwa zinakuja kwa Kiingereza, na zilidai mkaguzi aseme kila kitu kwa kadiri yake. Nyama ya samaki ni laini "slightly", "fairly" au "moderately"? Harufu imebadilika "mildly", au haijabadilika? Wakaguzi wa enzi hizo hawakuwa na muda na vielezi hivyo. Waliandika "very good" kuanzia juu ya ukurasa mpaka chini, wakapiga muhuri, wakaenda kunywa chai. Sangara wote wa ziwa hili walikuwa "very good", hata yule aliyeshinda juani.

Mama Machibya alikataa. Akaanzisha darasa kwenye meza ya mapokezi ya samaki kabla ya zamu kuanza, bila ubao wala chaki. "Slightly, bonyeza sikio lako hapa chini," alifundisha. "Fairly, bonyeza shavu. Moderately, bonyeza tumbo ukiwa umeshiba. Ukikuta samaki laini kuliko hapo, usitafute neno, tafuta pipa." Kwa miezi kadhaa wageni wa kiwanda walikuta watu wazima wenye makoti meupe wakijibonyeza masikio kwa makini, kisha wakienda kunawa mikono.

"Gently", yaani kwa upole, alilitenga kwa ajili ya wakataji wa minofu, na hakutaka mtu alichanganye na uzembe. Meneja mmoja alipolalamika kwamba anachelewesha kazi kwa kuwataka watu waende polepole, alimjibu kwa adabu zote: "Polepole ni miguu, baba. Mimi nasema mikono. Wakimbie wanavyotaka, ila samaki asijue kwamba wanakimbia."

Najua wapo watakaoniuliza mimi, niliyepigana miaka mitatu ili matangazo ya kiwanda yaandikwe kwa Kiswahili, leo nasifuje vielezi vya Kiingereza. Nawajibu mapema. Fomu haikuwa yetu, na aliyeisoma hakuwa mjomba wetu. Kuijaza ovyo kwa kuwa ni ya mgeni si uzalendo. Ni uvivu uliojifunika bendera.

Undugu nao haukumyumbisha. Shemeji yake, Ngosha, alileta samaki kutoka Kamanga akiamini kwamba mlango una mtu wake. Mama Machibya akabonyeza, akanusa, akaandika "moderately soft", na mzigo ukarudi kivukoni. "Shemeji, nipokelee japo kiasi," Ngosha alibembeleza. "Hicho kiasi ndicho nilichoandika," akajibiwa. Mwaka ule Ngosha hakuja nyumbani kwa Mama Machibya, Pasiansi, kula Krismasi. Mwaka uliofuata alikuja, na alikuja na barafu ya kutosha.

Lakini sababu ya wengi wetu kusimama siku ya kumuaga ni Aprili 2012. Mnunuzi mmoja alilalamika kwamba minofu yetu ni laini mno. Uongozi wa wakati ule ukaamua kosa ni la meza namba tatu: wanawake kumi na mmoja wa meza ile, ilisemekana, wanakandamiza minofu na kuichelewesha nje ya barafu. Barua za kuwafukuza zilikuwa zimeshachapwa. Mmoja wao alikuwa Akelo, mama wa watoto watatu kutoka Shirati, mwenye mwaka mmoja tu kazini. Hawakuwa na namna ya kujitetea. Samaki akishakatwa, nani atajua alikujaje?

Mimi, nikiwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi, niliandika utetezi wa kurasa nne kwa Kiingereza. Niliusoma kwenye kikao, mbele ya meneja na wakala wa mnunuzi. "Totally" ilikuwamo mara tisa, "absolutely" mara sita. Ilikuwa barua tamu. Wakala aliisikiliza mpaka mwisho, akakunja nakala yake mara mbili, akaiweka chini ya kikombe chake cha chai.

Ndipo Mama Machibya akaomba nafasi. Alikuwa na majalada mawili ya fomu za mapokezi, zile zinazojazwa, pamoja na jina la boti, samaki anaposhushwa, kabla hajaguswa na kisu chochote. Akasoma tarehe moja baada ya nyingine. Firm. Firm. Slightly soft. Firm. Fairly soft. Nusu saa ilipopita meneja alichoka.

"Mama, tumekuelewa. Malizia."

"Bado kidogo, baba. Ndiyo kwanza Februari."

Alipofika Machi, wakala alikuwa ametoa kalamu na anaandika. Siku zote za samaki laini zilikuwa siku za boti moja inayokusanya samaki visiwani. Siku za boti nyingine, kwa meza ileile na wanawake walewale, samaki walikuwa imara. Kesho yake boti ile ilikaguliwa, ikakutwa inabeba nusu ya barafu inayotakiwa. Fomu hizo zilikuwa zikipelekwa ofisini kila jioni kwa miezi yote hiyo. Hakuna aliyezisoma.

Kikao kiliporudi, meneja alimuuliza kwa nini hakuandika tu kwamba samaki wa boti ile ni wabaya, yakaisha. "Hawakuwa wabaya, walikuwa laini kidogo," alisema. "Ningeandika wabaya, leo mngesema nina chuki na nahodha."

Barua kumi na moja zilichanwa pale pale mezani.

Wapo wanaohubiri kwamba neno la kadiri ni neno la waoga. Niliwahi kuwa mhubiri wao mkuu, kwa hiyo nina haki ya kuwakosoa: waoga walikuwa wale wa "very good". Mtu anayeandika "slightly" leo, na kesho, na mwaka mzima, bila kuongeza wala kupunguza, ndiye atakayeaminika siku ambayo mkate wa mwenzake uko hatarini. Ukali wangu siku ile haukumwokoa hata mmoja.

Mama Machibya ameacha wakaguzi arobaini na wawili aliowafundisha, baadhi yao sasa wako Musoma na Bukoba. Kuanzia tarehe 1 Julai, fomu za mapokezi zitasainiwa na Akelo, mmoja wa hao arobaini na wawili, ambaye mtoto wake wa kwanza anamaliza chuo cha ualimu mwaka huu. Wenzake saba wa meza namba tatu bado wako nasi, na ndio waliodai wapike chakula cha kumuaga, wakakataza mtu mwingine yeyote kukaribia jikoni.

Asante, Mama, kwa kazi yako na kwa watu uliotubakishia. Maisha yawe mema kwako huko Bujora, wajukuu wakuchoshe kwa kiasi, na ukiwekewa samaki mezani, mle tu, usimbonyeze.