Eda Niliyoifanya Pazia

Assalaam alaykum, mama zangu na dada zangu wa darasa. Niacheni niseme nimekaa, maana nikisimama ulimi utanikimbia.

Mwanijua kwa kushona kofia za mkono. Mwaka juzi ukingo wa kofia ulianza kwenda upande. Nikalaumu uzi, nikalaumu taa. Daktari wa macho kule Mombasa akaniambia mshipa unavuja nyuma ya jicho la kulia, na dawa yake ni sindano, ndani ya jicho lenyewe, kila mwezi. Akanipa na karatasi ya vyumba vyumba kama ya hesabu. Kila asubuhi nifumbe jicho moja niitazame, na mistari ikipinda nisikae, nirudi kwake upesi.

Nilikwenda mara tatu. Mistari ikanyooka, nikashona. Lakini ndugu zangu, nawaambia, kila tarehe ilipokaribia naliiota ile sindano.

Ndipo mume wangu akafariki, Mungu amrehemu. Nikaingia eda, na wiki ya pili ikaangukia tarehe ya kliniki. Nikasema mimi ni mjane, sitoki. Mkanisifu, wengine mko hapa. Mlisema huyu anaishika eda yake barabara.

Wifi yangu, dada wa marehemu, hakuridhika. Alikwenda kwa maalim akauliza, akarudi mbio. "Wifi, ndia ya kwenda hospitali haikufungwa," akaniambia. "Eda haikukataza dawa. Twende."

Nikamwambia nafsi yangu haijatulia. Akadhani ni ucha Mungu, akaniacha kwa heshima. Tarehe ya pili ikapita, na ya tatu. Kliniki wakipiga simu naiweka chini ya mto. Mistari ya karatasi ikaanza kupinda katikati, kisha katikati pakafanya kiza. Nikaigeuza karatasi ikatazama ukuta. Nilijua, wallahi nilijua. Kila siku nilijiambia kesho, na kila siku nikaogopa zaidi, kwa sababu sasa nilikuwa na kosa la kueleza.

Zilibaki wiki mbili nitoke eda. Wifi ameniletea uji, ameketi mbele yangu. Nikalifumba jicho la kushoto nimtazame. Nikaona mtandio, nikaona masikio na vipuli. Uso haukuwapo. Nikahamisha macho huku na huku kuutafuta, haupo. Nikanyoosha mkono niuguse, nikapiga bakuli, uji ukamwagika.

Hapo nikasema. "Wifi, sikuwa namuogopa Mungu. Nalikuwa naogopa sindano."

Hakunigombeza. Alipangusa uji, akaenda kuniletea buibui langu. Asubuhi yake tukavuka kwa mashua kwenda Mokowe, upande wa bara, kupanda basi la Mombasa, mkono wangu kwenye mkono wake njia nzima.

Daktari alitazama kitambo. Akasema jicho la kulia limevuja damu na limeacha kovu, katikati yake hapatarudi. Nikamuuliza mara mbili, kana kwamba jibu lingebadilika. Kisha akasema la kushoto nalo limeanza, ila hili tumeliwahi. Nikapigwa sindano siku ile ile. Walitia matone ya ganzi, nikahisi kama kusukumwa tu, ikaisha. Kutunga uzi kwenye sindano yangu kunachukua muda zaidi. Kwa kuogopa kitu hicho nimetoa jicho.

Tangu siku hiyo sijakosa tarehe hata moja. Kofia nashona, polepole, na Msahafu wa maandishi makubwa nausoma. Alhamdulillahi.

Namshukuru maalim aliyejibu upesi, na daktari asiyenitahayarisha. Nanyi mlionisifu, nawarudishia sifa zenu, hazikuwa zangu. Mwenye tarehe ya hospitali asiifiche nyuma ya dini, wala nyuma ya harusi, wala nyuma ya "mbona naona vizuri". Na mwenye kuogopa aseme naogopa. Hofu ikisemwa, mtu atakushika mkono.

Wifi yangu yuko pale karibu na mlango. Kwa jicho la kulia ni mtandio mtupu. Kwa la kushoto namuona vizuri, analia. Basi, wifi, futa machozi. Jumatano tuna safari.