Nge Katika Blanketi la Mwende

Bwana asifiwe, kanisa! Asifiwe tena, na ninyi wa nyuma huko karibu na spika mniitikie, maana leo sikusimama kuomba. Nimesimama kushukuru. Naitwa Ndinda, naishi hapa Nairobi, mtaa wa Tassia, ghorofa ya nne, na nimeokoka.

Ndugu zangu, mnaniona hapa kila Jumapili nikipiga kayamba, mnadhani niko sawa. Sikuwa sawa. Nilimpeleka binti yangu Mwende kwa mama yangu huko Kitui kabla hajaota meno. Baba yake alikuwa amejiendea zake, na kiwandani Industrial Area hakuna kibarua anayeruhusiwa kubeba mtoto mgongoni. Nikasema ni kwa muda kidogo tu. Muda kidogo! Mtoto akaota meno bila mimi, akatembea bila mimi, akaanza kuongea bila mimi. Nikiwa napanga vikombe vya plastiki kwenye katoni, nikisikia tu mtoto wa mtu analia nje ya geti, mikono inaacha kazi yenyewe. Supavaiza ananiuliza, Ndinda, unalala? Mama yeyote aliyeacha mtoto ushago anajua ninachosema.

Mwaka huu Mungu akafungua mlango, nikaandikwa kazi ya kudumu. Nikaenda kumchukua mwanangu. Nilikuwa nimeshona ndoto nyingi, jamani! Nilijua atanikimbilia. Wapi! Alinipa mkono kwa adabu, kama vile mtu anavyomsalimia mgeni, akaniita Ndinda. Ndivyo susu yake, bibi yake, anavyoniita, sasa mtoto angejuaje lingine? Nikimwambia mimi ni mama yako, anauliza susu atakuja lini. Nikikaa kando yake kitandani anasogea ukutani. Alikuwa akililia blanketi la susu ambalo tulilisahau, kwa sababu lina harufu ya moshi wa jikoni kwao. Nikampigia mama simu, nikamwambia alitume, labda mtoto atatulia.

Blanketi likaja na basi Jumamosi moja asubuhi, limekunjwa ndani ya gunia pamoja na ndengu. Mwende alilikumbatia akacheka. Ndugu zangu, nilikionea wivu kitambaa! Mchana akajifunika mpaka puani, akalala nyuma ya pazia.

Sasa siku hiyo ushirika wa akina mama ulikuwa kwangu. Mama Nekesa, jirani yangu, mnamjua, yule akiomba hata caretaker kule chini anasema amina, ndiye alikuwa akiongoza. Tulipofika katikati ya maombi, mtoto akapiga yowe ambalo sijawahi kulisikia. Tukavuta pazia. Macho yake yalikuwa yanazunguka ovyo, mate yanamtoka, mikono na miguu inarukaruka. Ulimi umekuwa mzito, maneno hayatoki. Na ukimgusa tu, hata kwa kidole, anapiga yowe zaidi.

Mngefikiri nini? Mama Nekesa akasema, pepo huyo, anasikia maombi! Mnaona hataki kuguswa? Wakamwekea mikono, wakakemea kwa sauti. Mwingine akauliza ni kitu gani kimemfuata huyu mtoto kutoka kijijini, na ni nani aliyemlea. Hapo nilipandwa na hasira, kwa sababu aliyemlea ni mama yangu mzazi! Lakini ningegombana saa ngapi? Nilikuwa nalia, Bwana, nimemngoja miaka yote hii, usimchukue hata kabla hajanijua.

Ndipo nikaona mguu. Mwili wote ulikuwa unajitupa huku na huku, lakini mguu wa kushoto aliuinua juu kila wakati, hautaki hata kugusa shuka. Nikawaambia, akina mama, toeni mikono. Nikalivuta blanketi, nikalikung'uta. Akaanguka nge! Nge wa rangi ya majani makavu, mkia mnene ameuinua juu. Mama Nekesa, mkemea mapepo, alikuwa juu ya sofa kabla sijasema Yesu! Msicheke, hata mimi nilitaka kupanda. Nikamponda kwa kiatu.

Sasa kila mtu akawa daktari. Huyu anasema mfunge kamba, yule anasema mchanje kwa wembe, mwingine anatafuta mafuta ya taa. Nikasema hapana, hospitali! Lakini utambebaje mtoto asiyeweza kuguswa? Tukamlaza ndani ya leso ya kujifunga kiunoni, tukashika pembe nne, tukashuka naye ngazi polepole bila mkono wa mtu kumfikia. Mama Nekesa alishika pembe ya mbele. Alikuwa analia kunishinda, akimwambia Mwende, nisamehe mamii, nisamehe. Chini tukapata gari.

Daktari alinieleza vizuri. Alisema sumu ya nge haikai pale alipouma. Inaingia kwenye mishipa ya fahamu na kuichokoza bila kupumzika, ndiyo maana macho yanazunguka, mate yanajaa, misuli inaruka, moyo unakimbia. Mtu mzima mara nyingi huumia tu akapona, lakini mtoto mdogo anaweza kushindwa kupumua. Wakampa dawa ya maumivu, wakamwekea oksijeni, wakaanza kuhesabu pumzi zake. Kisha akaniambia, mama, usimguse kwanza, hata shuka linamuuma.

Usimguse! Ee Mungu, ndicho kitu pekee nilichokuwa nimekitamani tangu nilipomwacha Kitui! Nikakalia mikono yangu. Aliita, kwa ule ulimi mzito, Susu, Susu. Nikampigia mama simu, nikaiweka karibu na sikio lake. Mama akamwongelesha Kikamba pole pole, habari za mbuzi na kuku, mpaka macho yakaanza kutulia. Iliniuma, siwafichi. Lakini nilimwambia Mungu, mwite kwa sauti yoyote, mradi arudi.

Akarudi! Kesho yake, ninyi mkiwa hapa mkiimba, nesi aliitoa ile oksijeni, akasema hatari imepita. Mwende akanitazama. Akautoa mguu nje ya shuka, akasema, Ndinda, sasa unaweza kushika. Nikaushika. Kanisa, niliushika mguu wa mwanangu, na hakuuvuta!

Wewe unayemngoja mtu wako, mume aliyepotea, mtoto aliye mbali, mwamini Mungu. Ombeni, na mkishaomba angalieni vizuri mtu anaumwa wapi, kisha mkimbizeni hospitali. Ni Mungu yuleyule aliyewapa madaktari akili.

Mwende ndiye yule pale mstari wa tatu, mwenye sweta nyekundu. Bado ananiita Ndinda. Mkitoka nje msalimieni, mpeni peremende, lakini nawaomba kwa jina la Yesu, mtu asimfundishe kuniita Mama. Nataka siku hiyo aseme mwenyewe.