Ulimi Ulioonja Sabuni

Mheshimiwa Diwani, Meneja wa kiwanda chetu cha sabuni Ndugu Wilfred, Msimamizi Gervas, wenzangu wa kupika, wa kukata na wa kufunga, na nyie madereva mliosimama mlangoni kana kwamba viti vinauma: nawasalimu kwa vyeo vyenu, na nyie wadogo shikamoo zenu nimeshazipokea.

Leo mnaniaga baada ya miaka ishirini na sita hapa Chamazi. Meneja aliniambia, "Bibi Koku, waambie vijana mfanyakazi afanyeje ili athaminiwe wakati huu mgumu." Nikaitikia haraka, kama kawaida yangu nikisikia sauti ya mkubwa. Nilipofika nyumbani chakula kikanishinda.

Maana hali ni ngumu kweli, tusidanganyane. Mafuta ya mawese yamepanda, wanunuzi wa jumla wamepungua, tunaingia kazini siku tatu kwa wiki, na Jumatatu itabandikwa orodha ya watakaopunguzwa. Nani humu hana hofu? Nawaona, hata soda zimewashinda. Gervas, wewe unacheka, lakini juzi nilikukuta unasugua pipa lililokwisha kusuguliwa, ati Meneja apite akuone.

Mheshimiwa Diwani, wewe sabuni unaijua ikiwa bafuni. Huku kwetu, ikishapikwa, kabla haijamwagwa kwenye fremu za kuigandishia, mtu huchota kidogo, huipoza, huigusa kwa ncha ya ulimi. Ikichoma, yale magadi makali ya kupikia yamezidi, na ikitoka hivyo itambabua mikono mama anayefua nepi za mwanawe. Vipimo vya mafundi vipo, lakini neno la mwisho ni la ulimi, na ulimi huo mnauita wa Bibi Koku. Mmenipa vyeti vitatu. Kusoma sijui, lakini nimevitundika sebuleni, na kimoja wajukuu wananiambia nimekigeuza kichwa chini.

Sasa nisikilizeni, na msinong'onezane kabla sijamaliza. Ulimi huu umekufa. Niliugua mwaka juzi ile homa inayoondoa ladha mdomoni, nikarudi kazini, nikagusa sabuni, nisisikie kitu. Nikagusa tena. Kama nimelamba ukuta. Ningesema, lakini nina wajukuu wanne nyumbani, na mtu wa umri wangu asiyejua hata kuandika jina lake, nani angemtaka? Nikatamka, "Iko sawa, mwageni."

Nyuma yangu alikuwepo Yuliana, mfagiaji wetu, na ufagio wake. Akachovya kidole kwenye ile niliyoipoza, akaonja, akanisogelea sikioni.

"Bibi, hii inachoma."

"Nani kakuuliza?"

"Hakuna. Ila inachoma, na wewe hukukunja hata uso."

Nikawasimamisha wapishi, nikajifanya nimeionja upya, wakaongeza mafuta. Mkanisifu. Mnakumbuka mlivyonisifu?

Tangu siku hiyo, kila pipa, Yuliana huonja kwanza akijidai anafagia, kisha hunikanyaga mguu. Mara moja, iko sawa. Mara mbili, inachoma. Nilimwambia, "Ukinikanyaga kwa nguvu nitakuchapa na huo ufagio." Akanijibu, "Basi vaa viatu vya maana, Bibi." Hana adabu huyo mtoto, nampenda kupita kiasi. Na kwa muda wote huo, kuna mteja aliyewahi kurudisha hata mche mmoja? Meneja, jibu mwenyewe.

Yuliana, usiiname. Inua uso wakuone.

Wiki iliyopita nilikuwa napita ukumbi wa ofisi, nikasikia kwamba watakaoanza kuondoka ni wafagiaji. Nikamfuata Yuliana, nikamwambia, "Kaseme wewe ndiye unayeonja." Akasema, "Nikisema leo, Bibi, utaondoka kwa aibu. Acha kwanza wakuage." Mmesikia? Yeye ananisubiri mie, na orodha haimsubiri yeye.

Ndugu Meneja, uliniuliza mfanyakazi afanyeje ili athaminiwe. Huyu amewahi kila siku, amejifunza kazi isiyo yake, ameilinda sabuni yako na ameficha udhaifu wa mzee, na bado kwenye karatasi zako ni mfagiaji, kwa sababu mie niliyejua nilinyamaza. Hofu ndiyo iliyoninyamazisha. Kwa hiyo nyie vijana, kazi unayoiweza ifanye mchana watu wakuone, na ukisifiwa kwa jasho la mwenzio, mtaje palepale. Mkingoja hofu iishe ndipo mseme, mtakuwa mmechelewa, na mtu mwingine atakuwa ameshafungasha vitu vyake.

Sijui Jumatatu itakuwaje. Naogopa, siwafichi. Naweza kuwa nimemponza zaidi, maana wakubwa hawapendi kuambiwa wamedanganywa. Kama kuna adhabu, nipeni mie, nimeshazeeka, itanikuta nimekaa. Lakini pipa la leo asubuhi limeshaiva na bado halijamwagwa. Meneja, nakuomba mbele ya Mheshimiwa Diwani, nyanyuka twende tukasimame pale, Yuliana aonje, mafundi wapime baada yake, uone kwa macho yako. Ukishaona, ndipo ukakae na orodha yako.

Nawashukuru kwa miaka yote, na kwa kunipa masikio yenu hadi mwisho. Yuliana, mwanangu, weka ufagio chini. Tangulia.