Nilivyochemsha Muthokoi kwa Madirisha ya Mwerezi

Sifa ni zake Bwana, ndugu zangu! Kabla sijafika mbali, niwataje waliokuwepo, ili ushuhuda huu usiwe wa kinywa changu peke yake. Uani kwetu Kaloleni tulikuwa watano: mimi Syokau; mume wangu Mutiso, ambaye sasa amelala katika Bwana; binti yetu Nduku; jirani yetu Mama Nekesa; na mume wake Wafula, dereva wa lori, watu wa Bungoma hao. Ilikuwa Jumamosi, miaka ya sabini ikielekea kwisha.

Mutiso alikuwa mchongaji tangu ujana wake kule Machakos. Swara wake ungedhani watakimbia. Kazi ilipopungua akaingia kiwanda cha mbao, na huko mashine ikamkata vidole vitatu vya mkono wa kushoto. Kidonda kikapona, mtu hakupona. Akalala akitazama ukuta. Akaniambia patasi zake zote nimpelekee ndugu yake, maana hatashika mti tena. Ndugu zangu, sikuzipeleka! Nilizifunga kitambaa nikazizika ndani ya debe la mahindi.

Miezi minane. Kanisani haji, mezani haji. Nduku akaniuliza kama baba anakufa. Niliomba mpaka maneno yakaniishia, nikabaki kusema tu, "Bwana, Mutiso. Bwana, Mutiso."

Basi, Wafula alikuwa akibeba vifusi vya majumba ya zamani yaliyokuwa yakibomolewa. Siku hiyo akatuhurumia, akanishushia madirisha kumi na mawili ya mbao, mengine na vioo vyake, niyafanye kuni. Mama Nekesa akaegemea mlango wake.

"Mwenzetu anajenga," akasema. "Ameanza na madirisha."

Nikacheka, nilikuwa sijacheka siku nyingi. Nikapasua dirisha la kwanza kwa panga, nikalitia motoni chini ya sufuria ya muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa. Moshi wake ulinukia vizuri ukaingia mpaka chumbani, lakini mimi shida yangu ilikuwa mahindi yaive.

Mlango ukafunguka. Ni Mutiso, na fulana yake, amesimama uani! Hakusalimia mtu. Alichuchumaa, akachomoa kijinga cha moto, akakinusa.

"Mama Nduku, unachoma nini?"

"Kuni."

"Huu ni mwerezi. Suleimani alijengea hekalu, wewe unapikia maharagwe."

"Si maharagwe, Baba Nduku. Ni muthokoi."

Akacheka. Ndugu zangu, yule mtu alicheka! Akazima moto wangu kwa maji ya kuoshea vyombo, chakula kikabaki kibichi. Kisha akauliza polepole kama ndugu yake anaweza kumrudishia patasi. Nikamwambia aangalie ndani ya debe la mahindi.

Swara hakuweza kuchonga tena, kitu kidogo kilimtoroka mkononi. Lakini dirisha ni kubwa, linashikika, na palipokosa vidole vyake niliweka vyangu. Yeye akipiga randa, mimi nashikilia. Alitaka kubandua rangi yote ya kijani, nikamwambia aache kidogo, inapendeza. Tukatoa kabati la vyombo: madirisha mawili ndiyo milango, na vioo vyake, na komeo zile zile. Vikombe vyangu vilionekana tangu mlangoni. Na wa kwanza kuja kuagiza lake alikuwa nani? Mama Nekesa! Nikamwuliza kama naye anajenga.

Tulitengeneza meza, tukatengeneza viti, watu wakaja kutoka mitaa ya Makongeni na Jericho. Kabati la kanisa letu, lile la vikombe vya Meza ya Bwana, ni la madirisha yale. Mutiso alilibeba mwenyewe mpaka mbele, akaketi, na hakukosa ibada tena hadi Bwana alipomwita.

Wewe mwenye mtu anayetazama ukuta, usigawe patasi zake. Mtegemee Bwana. Alimwinua wangu kwa moshi wa jikoni, wako hawezi kumshinda.

Nimezeeka, na shule niliiacha mapema. Haya Nduku ameniandikia. Pengine madirisha yalikuwa kumi na moja. Pengine ilikuwa Ijumaa. Mama Nekesa yu hai na kabati analo, anisahihishe, nanyi mliokuwa Kaloleni mnisahihishe. Lakini kwamba Mutiso alitoka nje akacheka, hapo sijakosea.