Kundi la Sasa na Kundi la Subiri

Mheshimiwa Mkuu wa Kambi; Bwana Venanti, mratibu wa shirika letu; Mchungaji Kalunga; akina mama na akina baba, ndugu zangu mliokuja kuniaga:

Mshereheshaji amenitambulisha kama mtaalamu wa saikolojia. Nimegeuka nyuma kuona ni nani huyo amefika.

Nilikuja hapa Kasulu mwaka jana, 1997, binti kutoka Kasanda mwenye shahada mpya na shingo ngumu, kupima jambo moja: je, akina mama waliokimbia vita Kongo, ambao usingizi umewakataa, wakikutana kila wiki, wakasimuliana na kufundishwa kutuliza pumzi, watalala? Utafiti unataka makundi mawili ili tofauti ionekane. Basi wakachota karatasi kikapuni. Aliyepata "sasa" aliingia darasani, chini ya turubai letu nyuma ya zahanati. Aliyepata "subiri" alirudi nyumbani kungoja miezi mitatu. Nikawakataza wa kwanza wasiwaambie wa pili neno lolote. Mnacheka? Mngenicheka siku ile, mngeniokoa.

Mama Therese alipata "sasa". Mama Consolée, jirani yake wa ukuta mmoja, alipata "subiri". Wiki haijaisha, nikalikuta kundi zima la kusubiri kwenye foleni ya maji, limefumba macho, linavuta pumzi, na Therese anahesabu.

"Mama Therese, unaniharibia jaribio!"

"Mamzeli, miye nilale, huyu alie nyuma ya ukuta wa udongo, nimwambie nini? Eti karatasi yako mbaya?"

"Ungemwambia asubiri."

"Tangu tuvuke ziwa nasubiri," akasema Consolée bila kufumbua macho. "Nyamaza, unaniharibia pumzi."

 

Bwana Venanti, uliniambia wazi: "Lete tofauti, darasa liendelee. Usipoleta, turubai linarudi stoo." Tofauti haipo. Makundi yote mawili yanalala vizuri kuliko zamani. Je, ni kwa sababu ya darasa? Huenda. Huenda ni maharage ya msimu huu, au ni muda tu uliopita. Mimi niliyejigamba kuleta uthibitisho nasimama mbele yenu kusema sijui, wala sitapika namba ili niagwe kwa heshima.

Lakini asubuhi hii vijana wa stoo walipokwenda kulishusha turubai, waliwakuta akina mama wamezikalia kamba zake. Wako huko hadi sasa. Ndiyo maana viti vya mbele ni vitupu. Nilikwenda kutazama nani alikuwa wa "sasa" na nani wa "subiri". Mimi niliyewagawa nikashindwa kuwatambua.

Naomba turubai libaki. Siombi kwa jina la sayansi, maana nimeiaibisha vya kutosha. Naomba kwa jina la wale wanaolikalia. Mtafiti hufundishwa kukaa pembeni na kutazama. Gari langu linaondoka saa nane, na kamba ya upande wa zahanati bado ina nafasi ya mtu mmoja. Nikishuka jukwaani, nakwenda kuikalia. Bwana Venanti, ukija kulichukua, utanikuta.

Nawashukuru nyote kwa kunisikiliza hadi mwisho. Na kama kipaza sauti hiki kinafika huko nyuma, Mama Therese, nisogezee nafasi.